Siku 14 za kughairi mkataba wa intaneti: wakati wa kupatana bei ndio huo

MTEJA wa Uingereza aliyeingia mkataba wa intaneti ya kasi kwa njia ya simu au kompyuta ana siku 14 za kuuvunja bila kutoa sababu na bila kutozwa faini. Wengi wanaichukulia haki hiyo kuwa ni mlango wa kutokea tu. Kwa hesabu za biashara haki hiyo ina thamani kubwa zaidi. Katika mkataba unaoweza kudumu miezi 24, hizo ndizo wiki mbili ambazo kampuni bado inaweza kumpoteza mteja wakati wowote, na kwa hiyo bado ina sababu ya kumsikiliza. Anayeziacha zipite bila kuuliza bei nyingine anaweza kulipia ukimya wake kwa miaka miwili.

Jambo hili linawahusu pia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wenye maduka, saluni na ofisi za kutuma fedha huko Uingereza, ambako mashine ya kadi haifanyi kazi bila intaneti. Linawahusu vilevile wawekezaji wadogo wenye hisa za makampuni ya simu, kwani punguzo analopewa mteja wa siku ya kumi linatoka katika mfuko uleule unaolipa gawio.

Sheria inasemaje

Haki ya kughairi haikuanza na intaneti. Mwaka 1964 Bunge la Uingereza lilitoa siku nne za kujifikiria kwa mnunuzi wa mali ya mkopo aliyetiliana saini na wakala nje ya duka, kwa kuwa mawakala waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba walikuwa wakiwabana watu mpaka watie saini. Mwaka 2000 zilikuja kanuni za mauzo ya mbali, yaani ya simu, posta na kompyuta, zikatoa siku saba za kazi. Kanuni za Mikataba ya Walaji za mwaka 2013, zilizoanza kutumika tarehe 13 Juni 2014, ndizo zilizofikisha siku 14.

Kwa huduma kama intaneti, siku hizo zinahesabiwa kuanzia kesho yake baada ya mkataba kufungwa. Hazisubiri fundi afike wala taa ya ruta iwake. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu anaagiza laini leo, anaambiwa fundi atakuja baada ya siku 12, naye anaamini kwamba muda wake utaanza siku hiyo ya fundi. Fundi anapoondoka zimebaki siku mbili. Yapo makampuni yanayotoa muda mrefu zaidi kwa hiari yao, na hilo linaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kutoa muda pungufu ya ule wa sheria.

Kughairi hakuhitaji fomu maalumu. Tamko lolote lililo wazi linatosha, mradi limetumwa kabla ya muda kwisha. Hata hivyo, jukumu la kuthibitisha kwamba tamko lilitolewa ndani ya muda ni la mteja. Kwa sababu hiyo, anayeghairi kwa simu bila kuandika barua pepe anajiweka pabaya. Kwa upande wa pili, kampuni iliyoshindwa kumweleza mteja haki yake ya kughairi inaadhibiwa: muda unaweza kurefuka hadi miezi 12 zaidi.

Jambo jingine ambalo halijulikani sana ni kwamba haki hii si ya wateja wapya peke yao. Mteja wa siku nyingi anayeongeza mkataba wake kwa simu au kompyuta amefunga mkataba mpya, na siku 14 zinaanza upya. Akigundua baada ya siku tano kwamba jirani yake amepewa kasi ileile kwa bei ndogo zaidi, hajachelewa.

Kwa nini kampuni inashusha bei

Msomaji aliyezoea masoko ya Kariakoo au Gikomba hatashangaa kusikia kwamba bei ya kwanza si bei ya mwisho. Linaloshangaza ni kwamba makampuni makubwa, yenye bei zilizopigwa chapa na matangazo ya televisheni, yanafanya biashara kwa mtindo huohuo, ila hayasemi.

Sababu yake ni gharama za kumpata mteja. Kabla mteja hajalipa hata pauni moja, kampuni imekwisha lipia tangazo, imelipa kamisheni kwa anayelinganisha bei, imetuma ruta na pengine imegharamia fundi. Fedha hizo zinarudi polepole katika miezi ya mkataba. Mteja akighairi siku ya kumi, sehemu kubwa ya gharama hizo imepotea. Mfanyakazi wa kitengo cha kuzuia wateja wasihame analijua hilo, naye amepewa mamlaka ya kupunguza bei kwa kiasi fulani ambacho yule wa mauzo ya kawaida hana. Kumpunguzia mteja pauni nne kwa mwezi ni rahisi kuliko kwenda kumtafuta mwingine.

Siku ya 15 hesabu inageuka. Mteja akitaka kutoka mapema atatozwa ada, ambayo kwa kawaida hukokotolewa kutokana na miezi iliyobaki. Mfanyakazi yuleyule atampokea kwa adabu ileile, lakini hana tena sababu ya kushusha bei. Hapo msemo wa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako unatimia kwa tarehe.

Hesabu ya miezi 24

Makosa ya wateja wengi ni kutazama bei ya mwezi wa kwanza badala ya jumla ya mkataba. Chukulia mfano wa mteja anayeanza mkataba wa miezi 24 tarehe 1 Oktoba kwa pauni 35 kwa mwezi, wenye ongezeko la pauni 4 kila Aprili. Miezi sita ya kwanza atalipa pauni 210. Miezi 12 inayofuata, kwa pauni 39, ni pauni 468. Miezi sita ya mwisho, kwa pauni 43, ni pauni 258. Jumla ni pauni 936, wala si 840 kama alivyodhani aliposikia pauni 35.

Sasa chukulia kwamba mshindani anatoa kasi hiyohiyo kwa pauni 28, na ongezeko la pauni 3 kila Aprili. Kwa hesabu ileile, jumla yake ni pauni 744. Tofauti ni pauni 192. Kwa mwenye duka dogo hiyo ni fedha ya kununulia bidhaa, nayo inapatikana kwa simu ya nusu saa.

Hesabu ya namna hii imekuwa rahisi tangu tarehe 17 Januari 2025. Kabla ya hapo mikataba mingi ilifungwa kwa kanuni ya mfumuko wa bei kujumlisha asilimia 3.9, na mteja hakuweza kujua atalipa kiasi gani mwakani. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2023 kanuni hiyo ilipandisha bei za mikataba hiyo kwa asilimia 14.4, kwa kuwa mfumuko uliotumika, wa Desemba 2022, ulikuwa asilimia 10.5. Mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, ilipiga marufuku utaratibu huo katika mikataba mipya. Ongezeko lolote linalopangwa sasa ni lazima litajwe kwa pauni na peni kabla mteja hajakubali.

Marufuku hiyo haikuzuia bei kupanda. Ilichozuia ni kupanda kwa fumbo. Na kwa kuwa ongezeko limekwisha tajwa mkatabani, mteja hawezi kulitumia kama sababu ya kutoka Aprili ikifika. Nafasi ya kulikataa ni ndani ya siku 14.

Namna ya kupatana

Mapatano ya aina hii hayahitaji ukali. Yanahitaji karatasi. Kabla ya kupiga simu mteja anapaswa kuwa na vitu vitatu mkononi: muhtasari wa mkataba wake, ambao kampuni inalazimika kumpa kabla hajakubali, bei ya mshindani mmoja au wawili kwa anwani yake hasa, na tarehe ya mwisho ya kughairi.

Suala la anwani ni zito. Nyumba nyingi zinahudumiwa na nyaya za Openreach, ambazo makampuni mengi hukodi na kuuza huduma kwa majina tofauti. Mitaa mingine ina nyaya za Virgin Media O2 pia, na mingine imefikiwa na makampuni mapya ya faiba kama CityFibre au Hyperoptic. Palipo na nyaya za watu wawili au watatu, mteja ana nguvu. Palipo na waya mmoja, majina kumi ya wauzaji hayaleti tofauti kubwa, na mteja asitarajie miujiza. Kutaja bei ya mshindani asiyefika mtaani ni kujiaibisha, kwani mfanyakazi anaweza kuhakiki anwani hiyo papo hapo.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Mteja anaeleza kwamba yuko ndani ya muda wa kughairi, anataja bei aliyoiona na jina la anayeitoa, na anauliza kama kampuni inaweza kuifikia kwa jumla ya miezi yote. Neno "jumla" lisisahaulike, maana jibu la kawaida ni kupunguza miezi mitatu ya mwanzo na kuacha iliyobaki kama ilivyokuwa. Zawadi nazo, ziwe kadi za manunuzi au marejesho ya fedha, zigawanywe kwa idadi ya miezi ndipo zilinganishwe. Kadi ya pauni 60 katika mkataba wa miezi 24 ni pauni mbili na nusu kwa mwezi, basi.

Punguzo likikubaliwa, mteja aombe maandishi kabla hajakata simu. Aulize pia kama makubaliano hayo ni mkataba mpya wenye siku zake 14, au ni marekebisho ya ule wa zamani. Ahadi ya mdomo haionekani kwenye ankara.

Jambo moja halifai: kutishia kuondoka bila nia wala mahali pa kwenda. Mfanyakazi anaweza kukubali kughairi papo hapo, na ile ofa ya mwanzo ikawa imekwisha muda. Anayepiga simu awe tayari kweli kuhama. Tangu tarehe 12 Septemba 2024 kuhama kumerahisishwa, kwani mteja anazungumza na kampuni mpya tu, nayo inashughulika na ile ya zamani.

Mitego

Haki ya siku 14 ina mipaka, na mfanyabiashara anayeitegemea bila kuijua mipaka hiyo ataumia.

Kwanza, mkataba uliofungwa dukani, mbele ya muuzaji, hauna haki hiyo kisheria. Anayesaini kwenye duka la simu katikati ya mji ana kile tu ambacho duka lenyewe limeahidi. Ni afadhali aulizie bei dukani, kisha arudi nyumbani kuagiza.

Pili, mteja aliyeomba huduma ianze kabla ya siku 14 kwisha atalipia siku alizotumia. Kwa mkataba wa pauni 30 kwa mwezi, aliyetumia siku 10 atadaiwa takriban pauni 10, na anaweza kudaiwa sehemu ya gharama za kazi iliyokwisha fanyika. Hiyo si faini, bali ni malipo ya alichotumia. Ruta nayo inapaswa kurudishwa, na risiti ya posta itunzwe.

Tatu, kuna hatari ya kukaa bila laini. Anayeghairi kabla huduma mbadala haijapangwa anaweza kukaa siku kadhaa bila intaneti, na namba yake ya simu ya mezani inaweza kupotea. Kwa familia hiyo ni kero. Kwa duka linalopokea malipo ya kadi ni hasara ya mauzo inayoweza kumeza punguzo lote. Aliyeghairi mkataba wa kuongeza muda yuko salama zaidi, kwa kuwa kwa kawaida laini yake inabaki, ila anarudi kwenye bei ya nje ya mkataba, ambayo mara nyingi ni ya juu.

Mtego wa nne ndio mkubwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Kanuni za mwaka 2013 zinamlinda mtu binafsi ambaye mkataba wake, wote au kwa sehemu kubwa, uko nje ya shughuli zake za biashara. Mwenye saluni anayenunua laini ya biashara kwa jina la saluni hana siku 14 za sheria, hata kama aliagiza kwa simu, na hata kama yeye ndiye mfanyakazi pekee. Ofcom inawapa wenye biashara za watu wasiozidi 10 baadhi ya kinga, ikiwemo kupewa muhtasari wa mkataba kabla ya kukubali. Siku za kughairi hazimo. Kwa huyo mapatano yote yafanyike kabla ya saini, na kama anataka muda wa kujifikiria audai uandikwe ndani ya mkataba. Muuzaji anayetafuta wateja wa biashara anaweza kukubali, lakini hataulizia yeye.

Nani analipa

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao haupendezi. Kama kampuni inaweza kumpunguzia pauni saba yule anayepiga simu na bado ikapata faida, basi yule asiyepiga simu analipa pauni saba za ziada kwa huduma ileile. Wanaobaki kimya mara nyingi ni wazee, wagonjwa, watu wenye kazi mbili, na wageni ambao Kiingereza chao hakijatulia kiasi cha kubishana kwenye simu.

Mnamo Septemba 2018 shirika la ushauri kwa wananchi, Citizens Advice, lilipeleka malalamiko rasmi kwa Mamlaka ya Ushindani na Masoko. Lilikadiria kuwa wateja waaminifu katika masoko matano, yakiwemo ya intaneti, simu za mkononi na bima ya nyumba, walikuwa wakilipa zaidi ya pauni bilioni 4 za ziada kwa mwaka. Katika bima ya nyumba na ya magari hatua ilichukuliwa: tangu tarehe 1 Januari 2022 kampuni haiwezi kumtoza mteja anayehuisha bima bei ya juu kuliko ambayo ingemtoza mteja mpya wa aina yake. Katika intaneti njia iliyofuatwa ni ya kutoa taarifa. Tangu Februari 2020 makampuni yanalazimika kumjulisha mteja kabla mkataba wake haujaisha na kumwonyesha bei bora zilizopo.

Makampuni yanajitetea kwamba punguzo kwa wateja wapya ni ushindani, na kwamba kulipiga marufuku kutapandisha bei kwa wote. Hoja hiyo ina uzito. Soko ambalo kila mtu analipa bei moja linaweza kuwa soko ambalo hakuna anayejisumbua kushusha bei. Lakini ushindani wa kweli ni ule ambao bei inaonekana. Bei inayotoka tu kwa anayejua neno la kusema, katika wiki mbili ambazo haambiwi ni za kupatana, si ushindani kamili. Taarifa za Ofcom zingefaa zaidi kama siku ya saba ya mkataba mteja angeletewa ujumbe mfupi unaomkumbusha tarehe ya mwisho ya kughairi na jumla atakayolipa mpaka mwisho. Gharama yake ni ndogo mno, na kampuni yenye bei nzuri haina cha kuhofia.

Kwa mwenye hisa

Mwekezaji anayesoma ripoti za BT Group au Vodafone katika Soko la Hisa la London asiishie kwenye idadi ya wateja wapya. Idadi inaweza kupanda kwa punguzo ambalo litaumiza mapato ya miaka miwili. Atazame pia wastani wa mapato kwa mteja mmoja na kiwango cha wanaohama. Wateja wakiongezeka huku wastani ukishuka, kampuni inanunua ukuaji. Wastani ukipanda kwa nguvu ya maongezeko ya Aprili peke yake, wakati wanaohama wanaongezeka, faida hiyo imesimama juu ya watu ambao bado hawajapiga simu. Kila mtaa unaopata waya wa pili unapunguza idadi ya watu hao.

Kwa mteja, kazi ni ndogo na muda ni mfupi. Siku anayokubali mkataba aandike tarehe mbili kwenye kalenda: ya saba kwa ajili ya kulinganisha bei na kupiga simu, na ya kumi na mbili kwa ajili ya kutuma barua pepe ya kughairi iwapo hakuna kilichopatikana. Siku mbili zinazobaki ni akiba ya dharura, kwani laini za huduma kwa wateja nazo zina foleni.